Hansard Ikatwe Kwenye Mshono: Barua ya Wazi kwa Dodoma na Nairobi

Kwa Katibu wa Bunge la Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, Dodoma,
na kwa Karani wa Bunge la Taifa la Kenya, Nairobi

Ndugu Katibu, Ndugu Karani,

Spika anapoingia ukumbini Dodoma saa tatu asubuhi wakati wa Bunge la Bajeti, Blaine ni saa saba usiku. Mji huu uko kaskazini mwa Minneapolis, katika jimbo la Minnesota, na sensa ya Marekani ya 2020 ilihesabu humo watu 70,222. Wakenya na Watanzania wanaoishi humu, pamoja na wenzao wa Brooklyn Park ng'ambo ya mto Mississippi, saa hizo ama wamelala ama wako kazini zamu ya usiku. Kikao cha mchana cha Nairobi, cha saa nane na nusu, kinawakuta saa kumi na mbili na nusu asubuhi, wakiwaandaa watoto kwa shule. Mjadala unawapita ukiwa bado moto. Kinachobaki mikononi mwao ni Hansard, taarifa rasmi ya mijadala.

Na wana la kuitafutia. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 16, inamwachia raia wa kuzaliwa uraia wake hata akichukua wa nchi nyingine. Sheria ya Uraia ya Tanzania ya 1995 haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, ingawa marekebisho ya karibuni yameleta hadhi maalum kwa wenye asili ya Tanzania walio na uraia wa kigeni. Familia yenye baba wa Kisii na mama wa Moshi inaishi chini ya sheria zote mbili, na watoto wake waliozaliwa Minnesota wana ya tatu. Ni haki yao kuuliza: tangu mwaka 2010, ni wabunge gani wametamka "uraia pacha" bungeni, katika kikao kipi, walimuuliza waziri gani, naye alijibu nini?

Barua hii inahusu swali la namna hiyo na muda linaochukua kujibiwa. Kwa maandishi yaliyowekwa katika XML, yaani yenye tagi inayotaja kila sehemu ni nini, swali hilo ni mistari michache ya lugha ya XQuery, ambayo shirika la viwango vya wavuti, W3C, liliipitisha Januari 2007. Kompyuta ya nyumbani yenye viini vinane vya kuchakata inaweza kuligawa, kulitafuta katika vikao vyote kwa wakati mmoja na kurudisha jibu kabla chai haijapoa. Kwa Hansard kama zinavyotolewa leo, mabunda ya PDF, swali hilohilo linakula likizo ya mtu.

Tazameni ukurasa wowote wa kipindi cha maswali katika Majadiliano ya Bunge. Juu kuna namba, Na. 45 kwa mfano. Chini yake kichwa cha swali, kisha jina la mbunge kwa herufi kubwa na neno "aliuliza", kisha vipengele (a) na (b). Linafuata jina la wizara, na "alijibu". Halafu mbunge anasimama tena na maswali yake ya nyongeza. Akishangiliwa, mwandishi wa Taarifa Rasmi anatia (Makofi); wakicheka, anatia (Kicheko). Ni kazi ya nidhamu kubwa, na imefanywa kwa mpangilio uleule mwaka baada ya mwaka. Jicho la msomaji linauona mpangilio huo papo hapo.

Mashine haiuoni. PDF huhifadhi mahali pa kila herufi juu ya karatasi, basi. Haijui kwamba herufi kubwa zile ni mtu, wala kwamba aya nne zinazofuata ni maneno yake. Neno "uraia" likiangukia mwisho wa ukurasa na "pacha" likaanza ukurasa unaofuata, kati yao huingia namba ya ukurasa na kichwa chake, na utafutaji unapita bila kuona kitu. Mzalendo, tovuti ya Kenya iliyoanzishwa mwaka 2005 na Ory Okolloh na Conrad Akunga ili kufuatilia kazi za wabunge, imeijua adha hiyo kwa vitendo. Programu yake iliyojengwa na mySociety ya Uingereza ilibidi iandikiwe kipande kizima cha kuivunja PDF ya Hansard na kubahatisha nani alisema nini. Jitihada hiyo ilikwenda kurudisha kitu ambacho waandishi wenu walikuwa nacho tangu mwanzo.

Walikuwa nacho kwa maana halisi kabisa. Hati ya Word yenye mwisho wa docx, muundo uliokuja na Office ya 2007, ni kifurushi cha zip chenye mafaili ya XML ndani yake. Mtu akibadilisha jina la hati hiyo liishie na zip kisha akaifungua, atakuta folda iitwayo word, na humo faili la document.xml lenye kila aya na mtindo wake. Kama Hansard inachapwa kwa Word, basi XML imo ndani ya ofisi zenu kila jioni, na hutupwa pale tu hati inapogeuzwa kuwa PDF. Mwandishi akilipa jina la mbunge mtindo mmoja maalum, swali mtindo wake na jibu mtindo wake, programu ndogo itaweza kuyageuza hayo kuwa XML ya Bunge bila mtu kuandika tena hata sentensi moja.

XML ya Bunge ipo, tena chimbuko lake ni huku kwetu. Miaka ya 2004 na 2005, idara ya Umoja wa Mataifa ya masuala ya uchumi na jamii iliendesha mpango wa kuimarisha mifumo ya habari ya mabunge ya Afrika. Ndani ya mpango huo wataalamu wa Chuo Kikuu cha Bologna, Fabio Vitali na Monica Palmirani, walisanifu Akoma Ntoso: msamiati wa XML kwa ajili ya sheria, miswada, hukumu na mijadala ya bunge. Una tagi ya mjadala, ya hotuba, ya swali, ya jibu, na kila hotuba hubeba kitambulisho cha aliyeitoa. Programu iliyojengwa sambamba na msamiati huo iliitwa Bungeni. Agosti 2018 Akoma Ntoso ikawa kiwango rasmi cha shirika la viwango la OASIS. Leo Seneti ya Italia inautumia, tovuti ya sheria za Uingereza inatoa sheria zake kwa muundo huo, na taasisi za Umoja wa Ulaya na za Umoja wa Mataifa zimejitengenezea matawi yake.

Mahakama na wachapishaji wa sheria wa Afrika Mashariki hawakubaki nyuma. TanzLII ya Mahakama ya Tanzania, ULII ya Uganda na Kenya Law ya Nairobi zote zinaendeshwa juu ya mfumo wa Laws.Africa wa Cape Town, na katika mfumo huo sheria zimeandikwa kwa Akoma Ntoso. Upande wa sheria zilizopitishwa, mlango uko wazi. Upande wa mjadala uliozizaa bado umefungwa, na hapo ndipo ofisi zenu zinapohusika.

Sasa, kwa nini mtu wa Blaine azungumzie kuuliza maswali sambamba, badala ya kuomba tu XML na kushukuru? Kwa sababu namna XML inavyokatwa ndiyo inayoamua kama itatumika.

Faili la XML ni mti. Tagi inayofunguliwa mstari wa kwanza inaweza kufungwa mstari wa milioni tano, na kila kilicho katikati kinapata maana kutokana na tagi zilizo juu yake. Ukichukua faili moja kubwa la Hansard ya mwaka mzima na kulikata vipande vinane vilivyo sawa kwa ukubwa, kipande cha tano kitaanza katikati ya hotuba bila kujua ni ya nani, ya siku gani, wala kama yaliyomo ni swali au jibu. Mkeka hushonwa kwa kili ndefu zilizosukwa moja moja. Ukiufumua kwenye mishono kila ukili unabaki mzima, na ukiupitisha mkasi popote tu, miyaa yote inaachiana. Hansard ina mishono yake: kikao, kipindi cha maswali, hoja, hotuba.

Wataalamu wamehangaika sana na faili lisilo na mshono unaoonekana. Mwaka 2006 Wei Lu, Kenneth Chiu na Yinfei Pan walipendekeza kupita mara mbili: kwanza mpito mwepesi unaochora mifupa ya mti tu, kisha viini vyote vinagawana matawi na kuyasoma kwa kina kwa pamoja. Mwaka 2013 Peter Ogden, David Thomas na Peter Pietzuch wa Imperial College London walikwenda mbali zaidi. Walikata faili popote, na kila mfanyakazi akaanza kipande chake akidhani yuko katika kila hali inayowezekana kwa wakati mmoja, akiziacha zile zinazokanushwa na tagi anazokutana nazo, hadi mwisho vipande vikaunganishwa kwa hali zinazokubaliana. Ni ufundi wa kupendeza. Lakini ni ufundi wa mtu aliyenyimwa mishono, na hakuna sababu ya kumlazimisha mwanafunzi wa Dodoma au Eldoret aufanye ili kusoma bunge lake mwenyewe.

Wachapishaji wakubwa wa data huikata wenyewe kabla ya kuitoa. Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani hutoa kumbukumbu zote za PubMed, hazina yake ya makala za tiba, zaidi ya milioni 36, kama mafaili ya XML yanayopita 1,000, na hakuna faili linalozidi kumbukumbu 30,000. Mtu mwenye viini vinane anavipa mafaili manane, na mwenye kompyuta mia anazipa mafaili mia. Hakuna anayemsubiri mwenzake. Wikipedia nayo hutoa makala zake zote kwa XML iliyobanwa katika vifungu vidogo vya makala mia moja moja, pamoja na faharasa inayosema kila kifungu kinaanzia wapi, kwa hiyo vinaweza kukunjuliwa sambamba. Bunge la Marekani lilianza Januari 2013 kutoa miswada ya Baraza la Wawakilishi kwa jumla katika XML, na Julai mwaka huohuo mkusanyo mzima wa sheria za nchi ukafuata.

Minnesota yenyewe ina historia ndefu katika fani hii ya kugawa kazi ya kompyuta. Kampuni ya kompyuta ya Control Data ilianzishwa Minneapolis mwaka 1957, na mashine yake ya 6600, iliyosanifiwa na Seymour Cray na kutoka mwaka 1964, ilikuwa na vichakataji vidogo kumi vilivyoshughulikia kuingiza na kutoa data ili kichakataji kikuu kiendelee na hesabu. Miongo mitatu baadaye, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, George Karypis na Vipin Kumar waliandika METIS, programu ya kugawa mtandao mkubwa wa data katika mafungu yaliyolingana uzito huku ikikata nyuzi chache iwezekanavyo kati ya fungu na fungu. Inatumika duniani kote hadi leo. Swali lake ndilo lililo mbele ya Hansard: tukate wapi ili kazi ilingane na uhusiano usipotee?

Jibu la kwanza ni rahisi, nalo ni faili moja kwa kila kikao. La pili linataka uangalifu, kwa sababu vikao havilingani. Siku ya ufunguzi wa mkutano inaweza kuwa na kiapo na maswali machache. Siku ya kupitisha makadirio ya wizara kubwa mjadala unakwenda hadi jioni na faili linakuwa nene mara nyingi zaidi. Mgawanyo wa kibubusa utakipa kiini kimoja vikao vyote vizito vya Juni, na vingine saba vitakaa bure vikikingoja. Ronald Graham alithibitisha mwaka 1969 kwamba ukianza kugawa kazi kubwa kwanza, ukimpa kila mara yule aliye na mzigo mdogo, muda wote hautazidi theluthi moja juu ya mgawanyo bora kabisa unaowezekana. Ila ili kufanya hivyo ni lazima ujue ukubwa kabla ya kuanza. Ndiyo maana orodha ya mafaili yenye ukubwa wa kila moja ina thamani karibu sawa na mafaili yenyewe.

Kuna kikomo pia, na ni vizuri kisemwe waziwazi. Gene Amdahl alionyesha mwaka 1967 kwamba sehemu ya kazi isiyogawanyika ndiyo inayotawala. Ikiwa asilimia 5 ya swali lazima ifanywe na kiini kimoja, viini vinane vitaharakisha kazi karibu mara sita tu, na hata viini elfu moja havitafika mara 20. Kuwatafuta waliotaja uraia pacha kunagawanyika karibu kabisa: kila faili linajibu lenyewe na majibu yanapangwa mwisho. Kuhesabu kunagawanyika vilevile, kwa jumla ndogondogo zinazojumlishwa. Kinacholeta shida ni kuoanisha, yaani kuchukua kila hotuba iliyotaja kifungu fulani cha sheria na kuiweka kando ya kifungu chenyewe katika TanzLII au Kenya Law. Hapo data inabidi isafiri kutoka kiini hadi kiini, na isipokuwa vitambulisho vya vifungu ni vilevile pande zote, kazi inarudi kuwa ya mikono.

Yupo atakayesema Hansard si kubwa kiasi hicho, na kwamba maandishi ya bunge moja yanaenea kwenye kifaa kimoja cha mfukoni. Ni kweli kwa ukubwa wa mafaili. Si kweli kwa kazi, na sababu ni Kiswahili chenyewe.

Mtu anayetafuta mjadala wa fidia hawezi kutafuta "lipa" akaishia hapo. Wabunge wanasema "hawajalipwa", "walilipiwa", "tutawalipa", "yasiyolipika". Kila kitenzi kinabeba nafsi, njeo, ukanushi na kauli ndani ya neno moja, na ili kulifikia shina lazima programu ifumue kila neno la kila hotuba. Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alianza kazi ya kuchanganua maneno ya Kiswahili kwa kompyuta mwaka 1985, na hazina ya maandishi aliyoisimamia, yenye takriban maneno milioni 25, ina sehemu ya mijadala ya Bunge la Tanzania. Uchanganuzi wa namna hiyo ndio mzigo halisi wa kompyuta. Ndio pia unaogawanyika vizuri kuliko wote, kwa kuwa kikao cha Aprili hakihitaji kujua lolote kuhusu kikao cha Mei.

Majadiliano ya Bunge la Tanzania ni miongoni mwa maandishi mengi na bora ya Kiswahili cha utawala yaliyopo duniani: sheria, bajeti, maji, mifugo, reli, vyote vikizungumzwa na watu wa kila mkoa, kila mmoja na lafudhi yake. Tangu marekebisho ya 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria za Tanzania, na Toleo la 2023 la sheria zilizofanyiwa urekebu lilianza kutumika 1 Julai 2025. Kadiri tafsiri zinavyotoka, kifungu cha Kiswahili na mwenzake wa Kiingereza vinaweza kubeba kitambulisho kimoja katika Akoma Ntoso, na hotuba iliyokijadili ikakitaja kwa kitambulisho hichohicho. Mwalimu wa sheria wa Chuo Kikuu cha Mzumbe ataweza kuweka kifungu, tafsiri yake na hoja zilizokizaa kwenye ukurasa mmoja. Kwa Nairobi, ambako wabunge huhama kati ya Kiingereza na Kiswahili ndani ya hotuba moja, XML ina sifa ya kutaja lugha ya kila aya, na programu ikajua ichanganue ipi kwa kanuni zipi.

Msingi wa kisheria upo tayari. Nchi zote mbili zilitunga sheria ya kupata taarifa mwaka 2016, na ibara ya 118 ya Katiba ya Kenya inalitaka Bunge lifanye kazi zake kwa uwazi. Hansard si siri, imekwisha chapishwa. Kinachoombwa hapa ni ichapishwe kwa sura ambayo mtu anaweza kuiuliza swali.

Na kwa ofisi zenu mzigo utapungua. Leo anayetaka vikao vya miaka kumi lazima agonge tovuti yenu mara mamia kwa mamia, faili baada ya faili, na seva inalemewa hasa siku ambazo wananchi wengi wanaihitaji. Kifurushi kimoja cha mwaka hupakuliwa mara moja, na maswali yote baada ya hapo huendeshwa kwenye kompyuta ya muulizaji, kwa umeme wake, awe Mbeya, Kisumu au Blaine.

Hakuna haja ya kungoja mkandarasi wala kugeuza kumbukumbu zote tangu Baraza la Kutunga Sheria la Nairobi la 1907 na la Dar es Salaam la 1926. Mkutano mmoja unatosha kwa kuanzia, na Bunge la Bajeti lijalo lingefaa kuliko wote: faili moja la Akoma Ntoso kwa kila kikao, kitambulisho kimoja kwa kila mbunge, kisichobadilika hata akihama jimbo, chama au wizara, tarehe na namba ya kikao katika jina la faili, orodha ya mafaili yote ikionyesha ukubwa wa kila moja na alama ya kuhakikisha kwamba halikuharibika njiani, na anwani moja ya kupakulia kifurushi kizima. PDF iendelee kutolewa kama kawaida kwa wanaotaka kusoma na kuchapa. Kosa likionekana, toleo jipya la faili hilo litolewe likiwa na namba yake, na lile la zamani libaki palepale ili aliyelinukuu asionekane mwongo.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwandishi, kwa niaba ya wasomaji wa Hansard walioko Blaine, Minnesota